MAADILI UWANJANI: KOCHA HUFUNDISHA NINI ZAIDI YA MPIRA?

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeiandika katika insha mpaka wino umekwisha. Kuiandika ni rahisi. Kazi ni kukaa nayo usiku ukingojea feri ya kurudi Likoni, njaa inakuuma, na umefungwa mabao matatu bila.

Mlezi wa chama chetu aliniomba niandike juu ya maadili ya vijana. Mimi maadili ya vitabuni sina mengi, kwa hiyo nimeyatafuta pale ninapopajua, yaani uwanjani.

Tuanze na maneno, maana sisi ni wanachama wa Kiswahili bwana! Neno kocha tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata mbali. Kwa asili lilikuwa gari la farasi, lililopewa jina la kijiji cha Kocs nchini Hungaria. Baadaye wanafunzi wa vyuo vya Uingereza wakamwita hivyo mwalimu anayewavusha mtihani, kana kwamba amewabeba. Kocha basi ni mchukuzi. Nahodha nalo asili yake ni Kiajemi, na kwetu sisi watu wa pwani ni yule anayeongoza chombo baharini. Ukitazama vizuri utaona kwamba kocha hukaa nje ya mstari, nahodha yumo ndani ya chombo. Kikienda mrama, wa kwanza kulowa ni nani?

Sasa tuingie katika somo. Wengi hudhani kufundisha maadili kwa mpira ni kocha kuwahubiria vijana wakati wa mapumziko. La hasha! Maneno matupu huingia sikio hili yakatokea lile. Maadili hufundishwa kwa kanuni ambayo ukiivunja inakugharimu, na ukiifuata inakulipa.

Mfano bora hapa nchini ni ule wa Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, alianzisha pamoja na vijana wa mtaa ule chama cha michezo kiitwacho MYSA. Mitaro ilikuwa imejaa takataka. Wakaamua hivi: timu ikishinda mechi ipate pointi zake kama kawaida, lakini timu ikifanya usafi wa mtaa ipewe pointi sita. Yaani koleo na toroli vyaweza kukupandisha kwenye jedwali la ligi kuliko mguu wa mshambuliaji wako! Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ukawatunuku kwa kazi hiyo ya mazingira. Wala usidhani walisahau mpira. Timu yao ya Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994, ilitwaa kombe la taifa la Moi Golden Cup mwaka 1998 na ligi kuu mwaka 2008.

Jirani zetu wa Kilifi nao wana Moving the Goalposts, iliyoanza mwaka 2001, ambapo wasichana hucheza, huamua mechi na kuendesha ligi wenyewe. Wavulana tunaocheka tukiona msichana ana filimbi mdomoni, tuna la kujifunza pale.

Hata kadi za njano na nyekundu zilibuniwa na mwalimu wa shule, Ken Aston wa Uingereza, aliyekuwa pia mwamuzi. Alipata fikira hiyo akiwa garini, akitazama taa za barabarani, na kadi zikatumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Kisha mwaka 2024, katika kombe la Ulaya kule Ujerumani, ikaamriwa kwamba nahodha peke yake ndiye wa kumwendea refa na kumhoji. Wengine wafunge midomo. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akitutaka hivyo hivyo kabla hawa wa Ulaya hawajaamka. Ukimfokea refa mazoezini, unatoka, unachukua filimbi, unawaamulia wenzako nusu saa. Mimi nilipewa filimbi hiyo mara mbili. Mara ya tatu sikufoka.

Sasa nieleze lililonifika, ingawa nalionea haya kidogo.

Nilikuwa nahodha, na tulikuwa tumefika fainali. Mshambuliaji wetu alikuwa moto wa kuotea mbali. Tatizo ni kwamba hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mamluki, kijana wa mtaa wetu huko Shika Adabu, aliyekuwa ameacha shule na kucheza kwa jina la mdogo wake. (Naam, mtaa unaitwa Shika Adabu. Nimeshachekwa vya kutosha.) Mwalimu hakujua. Mimi nilijua, tena nilijua tangu mechi ya kwanza.

Asubuhi ya fainali mwalimu akanijia na fomu mkononi. Sijui nani alimwambia.

"Nahodha, huyu ni nani?"

Nikanyamaza.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinipa fomu mpya na kalamu, akasema, "Haya mwanangu, andika majina ya wanafunzi. Wanafunzi tu." Kisha akaondoka akaenda kusimama mbali.

Nilikaa na kalamu ile. Wenzangu walinizunguka. "Yakhe, wataka tufungwe? Wale wa upande wa pili nao wana wao!" Pengine ni kweli walikuwa nao. Jambo moja lililonisumbua ni mlinda lango wetu. Alikuwa ameambiwa kuna watu watakuja kutazama vijana wa kusaidiwa karo, na nyumbani kwao hali ilikuwa ngumu. Tukifungwa vibaya, nani atamtazama?

Niliandika majina kumi na manane. La mamluki halikuwamo. Tukafungwa tatu bila, na mabao mawili yalipita katikati ya miguu ya mlinda lango wetu. Hao watazamaji hawakuja, au walikuja wakaondoka, hatukujua. Mpaka leo yeye hunijibu kwa mkato.

Kabla ya kupanda matatu mwalimu alimwita yule mamluki. Sote tulidhani atamfukuza. Akamwambia, "We kijana, mguu unao. Kesho saa kumi njoo, kuna watoto wa shule ya msingi wataka mtu wa kuwafundisha." Kijana hakujibu. Siku ya pili hakuja, ya tatu hakuja. Mwalimu akamfuata kwao, akanywa chai na mamake, akarudi. Alikuja baada ya wiki mbili, ndala miguuni, uso kaukunja.

Jumamosi iliyopita nilipita pale uwanjani. Yeye ndiye mwenye filimbi siku hizi. Mtoto mmoja alifunga bao, wenzake wakamrukia kwa furaha, naye akajiondoa akamwendea akisema, "Kocha, lilinigusa mkono." Filimbi ikalia, mpira ukapelekwa upande wa pili. Timu yake ilimtukana vizuri sana! Kijana akawatoa wawili nje, akampa mmojawao filimbi, naye akavua ndala akaingia kucheza.