Geta na Seta Zenye Majina Yanayojieleza: Vidokezo 7 kwa Waandishi wa Programu wa Bariadi

Tuseme AMCOS ya hapa Bariadi imekuomba uwaandikie programu ya kutunza kumbukumbu za pamba: nani kaleta, kilo ngapi, daraja gani, kalipwa au bado. Klasi za Mkulima na Mauzo umeshaziandika. Zimebaki zile methodi ndogondogo za kusoma na kubadili sifa, geta na seta, ambazo wengi huiachia kompyuta izizalishe kwa mbofyo mmoja. Subiri kidogo! Hayo ndiyo majina atakayokutana nayo kila siku yeyote atakayeipokea kazi yako. Yape dakika chache, utaona tofauti msimu huuhuu.

1. Ukienda kwa watu, fuata desturi zao

Kila lugha ya programu ina mazoea yake, na kushindana nayo ni kujichosha bure. Java imeshika kanuni za JavaBeans tangu 1997: getUzito, setUzito, na kwa jambo la ndiyo au hapana, isMwanachama. Go haitaki Get: unaandika Uzito() tu, kisha SetUzito(). Rust nayo ni uzito() na set_uzito(). Ruby inakupa uzito, uzito= na hata alama ya kuuliza, mwanachama?, raha iliyoje! Unataka mazoezi? Msimbo wa DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za vituo vya afya nchini, uko wazi na umeandikwa kwa Java. Fungua klasi moja, soma geta zake, na jicho lako litazoea haraka.

2. Kwenye Java, get inasikilizwa

Hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Zana kama Jackson, inayogeuza data kuwa JSON, hupitia klasi yako ikitafuta methodi za wazi zinazoanza na get. Umeandika getDeniLaPembejeo kwa matumizi ya ndani? Basi deni la mkulima litasafiri pamoja na taarifa nyingine mpaka kwenye simu ya mtu asiyehusika. Dawa ni rahisi: methodi ya kupiga hesabu ya ndani iite hesabuDeni, au iwekee alama ya @JsonIgnore. Jambo jingine: kanuni za JavaBeans huitambua is pale tu sifa inapokuwa boolean ya herufi ndogo. Ukitumia Boolean ya herufi kubwa, zana inayofuata kanuni hizo kwa ukali itaipita isMwanachama kana kwamba haipo.

3. Kipimo kikae ndani ya jina

getUzito ya nini? Pamba pamoja na mfuko, au pamba peke yake? Andika uzitoGhafiKilo na uzitoHalisiKilo, na mjadala umekwisha. Bei iwe beiKwaKilo. Daraja liwe daraja, lenye thamani mbili tu, SAFI na FIFI, maana ndivyo wakulima na makarani wanavyosema.

4. Si kila sifa inastahili seta

Hapa ndipo ninapoomba umakini wako wote. Pamba ikishapimwa na mkulima akaondoka na risiti yake, zile kilo ni jasho la msimu mzima: kulima, kupanda, kupalilia, kupulizia dawa, kuchuma. Kwa nini basi programu yako iwe na setUzitoHalisi, mlango wazi ambao mtu yeyote anaweza kupita na kubadili tarakimu bila kuacha alama? Ifute. Makosa ya kupima yapo, kwa hiyo weka methodi yenye jina la tendo lenyewe: rekebishaUzito, inayodai kilo mpya, sababu na jina la karani, kisha inatunza kilo za mwanzo pembeni. Jina hilo peke yake linamfanya mwandishi anayefuata afikiri mara mbili. Malipo nayo vivyo hivyo: thibitishaMalipo inabeba ujumbe ambao setImelipwa haiwezi kuubeba.

Lugha nyingi zinakusaidia katika hili. Kwenye Ruby, andika attr_reader badala ya attr_accessor. Kwenye Java kuna rekodi, zilizokamilika rasmi katika Java 16 mwaka 2021: hazina seta kabisa, na geta zake hazina get, ni uzitoHalisiKilo() tu. Kwa risiti ya pamba, sijaona umbo linalofaa zaidi.

5. Jina lisiseme kama thamani imehifadhiwa au imekokotolewa

Bertrand Meyer, aliyebuni lugha ya Eiffel, aliliwekea jambo hili kanuni: anayeuliza sifa asilazimike kujua jibu linatoka wapi. Mfano tunao hapahapa nyumbani. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na eneo la Busega lilikuwa Mwanza. Kumbukumbu ya mauzo ya Bariadi ya 2010 iseme mkoa gani? Mwanzoni sifa ya mkoa inaweza kuwa neno lililohifadhiwa tu. Baadaye unagundua inabidi itokane na wilaya na tarehe. Kwenye Python unaiwekea @property, na kila aliyeandika mauzo.mkoa anaendelea na kazi yake bila kubadili hata herufi. C# na Kotlin nazo zinakuruhusu kufanya hivyo. Ungeiita getMkoaKutokaJedwali, leo ungekuwa unasahihisha faili moja baada ya jingine.

6. Geta iwe nyepesi, kazi nzito ijitaje

Msomaji akiona get au jina tupu la sifa, anategemea jibu papo hapo. Ikiwa methodi inakwenda kwenye seva kutafuta bei elekezi, na kituo cha kununulia kiko mbali na mnara wa simu, iite pakuaBeiElekezi. Anayeitumia atajua mapema kwamba aandae njia mbadala mtandao ukigoma.

7. Chagua lugha moja, kisha soma kwa sauti

getFarmerUzito leo, getWeightMkulima kesho: utachanganyikiwa mwenyewe! Kwenye Java get, set na is zitabaki kwa sababu zana zinazihitaji, lakini sehemu inayofuata iwe Kiswahili chote au Kiingereza chote. Weka faili dogo la maneno mliyokubaliana, mradi mzima ulitumie. Kisha mwite karani wa AMCOS, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu, umsomee majina ya sifa za Mauzo moja baada ya jingine. Akikukatiza kuuliza, "Hizo kilo ni pamoja na mfuko?" umeshajua jina la kubadili leo hii.