Twende Tukaione Chemchemi
Somo la vikundi: kutembea msituni pamoja na watoto



Muulize mtoto yeyote wa Wema maji yanatoka wapi, naye atakuonyesha mto. Muulize tena, mto wenyewe unatoka wapi? Atanyosha mkono upande wa Hola na kujibu, "Kule juu." Na sisi wakubwa, je, tunajua zaidi ya hapo? Wengi wetu tumezaliwa ukingoni mwa Tana. Tumelima mpunga kwa maji yake na tumehama kwa mafuriko yake, lakini hatujaona kwa macho yetu jinsi maji yanavyotoka ardhini na kuanza kuwa mto.

Basi somo la leo ni la kusomwa kwa miguu. Tunataka kueleza jinsi kikundi kinavyoweza kuwachukua kina baba, kina mama na watoto, kikaenda kutembea katika msitu wa vilima wenye chemchemi na vijito, kikarudi na faida. Msije mkasema, "Hayo ni mambo ya watalii." Anayeishi mwisho wa mto ndiye wa kwanza kuumia mto ukiharibiwa, kwa hiyo ndiye anayehitaji zaidi kujua mto unatunzwaje.

MTO WETU UNAZALIWA WAPI

Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, karibu kilomita 1,000. Maji yake yanaanzia katika misitu ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Huko hakuna mto mmoja mkubwa, bali kuna chemchemi nyingi ndogo ambazo mtoto anaweza kuziruka. Chemchemi hufanya vijito, vijito hufanya mito kama Sagana, Gura, Chania na Thika, na yote hiyo huishia katika Tana. Halafu maji hupita kwenye mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kisha huteremka Garissa, Hola na Garsen, yakaja kwetu, na mwisho huingia baharini Kipini.

Kwa hiyo likitendeka jambo kule juu, zuri ama baya, huku chini tutalipata. Mlima ukilimwa ovyo, udongo wake tunaletewa sisi. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini yakaharibu mashamba ya ndugu zetu wa Ozi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mto unaotiririka mwaka mzima nao umeundwa na mvua, na udongo, na msitu.

KWA NINI SHIMBA

Kwetu Wema hakuna vilima. Msitu wetu ni ule wa kando ya mto, na ndani yake kuna kiboko na mamba. Si mahali pa kuwatembeza watoto wadogo. Milima ya Nyandarua nayo ni mbali, tena ina baridi. Lakini hapa Pwani tunayo Milima ya Shimba, katika kaunti ya Kwale. Haihitaji mtu kuwa na nguvu za kupanda mlima, maana sehemu zake za juu ni kama mita 400 na kitu tu kutoka usawa wa bahari. Ilitengwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 ikafanywa hifadhi ya taifa ya wanyama. Leo inasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, pamoja na shirika la misitu, KFS.

Hapo ndipo mahali pekee katika Kenya penye palahala, yule mnyama mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma. Wako pia tembo, nyati na mbega. Lakini sisi tunataka hasa muone maji. Chemchemi za Marere, zilizo katika milima hiyo, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa mabomba tangu wakati wa ukoloni. Watu wa mjini hufungua mfereji, wala hawajui kwamba wanakunywa maji ya msituni.

Njia inayofaa kwa jamaa yenye watoto ni ile ya kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick, yaitwayo kwa jina la David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni mwendo wa kama kilomita 2 kushuka, katikati ya majani na miti, mpaka kwenye kijito kinachoanguka mita 21 hivi na kufanya kidimbwi chini. Askari wa wanyamapori huongozana na wageni. Kushuka ni rahisi. Jambo la kukumbuka ni kwamba njia ile ile mtapanda kurudi!

JARIBIO LA KUFANYA KABLA YA KWENDA

Fanyeni hili mkiwa kikundini, na watoto wawepo. Chukueni mitungi miwili mizee ya plastiki ya lita 20, ilazeni, mkate upande wa juu. Jazeni udongo wa aina moja. Katika mtungi wa kwanza, funikeni udongo kwa nyasi na majani makavu, kama ilivyo msituni. Wa pili uacheni mtupu, kama shamba lililokwanguliwa. Inamisheni yote kidogo, mdomo uelekee chini, na chini ya kila mdomo mweke kopo. Sasa mwagieni kila mtungi maji ya kipimo kimoja, kwa mkebe uliotobolewa matundu, kama mvua.

Mtaona kwamba kwenye udongo mtupu maji hukimbia upesi, tena ni tope. Kwenye udongo uliofunikwa maji hukawia, huwa safi zaidi, na huendelea kudondoka hata baada ya "mvua" kuisha. Hiyo ndiyo habari ya chemchemi. Majani hupunguza nguvu ya mvua, mizizi na wadudu hutoboa udongo, maji huzama, yakafika kwenye mwamba au udongo mgumu yasiweze kupita, yakatafuta njia pembeni na kutokea chini ya kilima, pengine miezi mingi baada ya mvua. Watoto waliofanya jaribio hili wakifika Shimba wataelewa wanachokiona.

MIPANGO YA SAFARI

Kutoka kwetu mpaka Kwale ni zaidi ya kilomita 250: Garsen, Malindi, Mombasa, Likoni, halafu mnaacha barabara kuu pale Kombani. Msijaribu kwenda na kurudi siku moja. Siku ya kwanza ni ya safari, mlale Kwale au Mombasa, na asubuhi ya pili muingie msituni kabla ya jua kali.

Mambo ya kupanga ni haya:

• Fedha. Changeni kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na mweka hazina aandike kila kitu. Ulizeni kwanza ada ya kuingia, maana hubadilika, na ya watoto si sawa na ya wakubwa. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, si kwa fedha mkononi. Wakubwa wachukue vitambulisho.

• Watu. Kila mkubwa mmoja awe na watoto wawili, wasizidi watatu. Mama mwenye mtoto mchanga ambebe mgongoni kwa leso. Mzee ambaye magoti yanamsumbua abaki juu kwenye kivuli, na mtu wa kukaa naye.

• Mavazi. Viatu vilivyofungwa na suruali au nguo ndefu, kwa sababu ya miiba, kupe na siafu. Ndara hazifai, njia ikilowa hutelezesha.

• Chakula na maji. Mihogo, viazi vitamu, ndizi na mayai ya kuchemsha vyatosha. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia katika hifadhi na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, pamoja na sahani na vikombe vya namna hiyo. Chukueni chupa za kudumu na vyombo vya nyumbani.

• Dawa. Bandeji, dawa ya kuosha kidonda, chumvi na sukari za kuchanganya na maji kama mtu akiharisha, na dawa za wale wanaozitumia kila siku.

MKIWA NJIANI

Mwendo ni wa mtoto mdogo kuliko wote. Vijana wenye haraka wapewe kazi ya kubeba mizigo, watatulia! Askari atangulie, na mkubwa mmoja awe wa mwisho kabisa, asiyemwacha mtu nyuma yake. Kila mnapopumzika, hesabuni watu.

Tembo na nyati wa Shimba si wa kuchezewa. Askari akisema simameni, simameni. Akisema nyamazeni, hata mzee wa kijiji anyamaze. Hakuna kupiga kelele wala kumtupia mnyama chakula.

Kwenye maji, mkubwa atangulie kuingia apime kina. Mawe yenye ukoko wa kijani huteleza kama sabuni. Msikae chini kabisa ya maporomoko, kwa sababu maji yanaweza kuangusha jiwe au gogo. Mkiona maji yamegeuka rangi ghafula au yameongezeka, tokeni mara moja, hata kama hapo mlipo jua linawaka. Mvua yaweza kuwa imenyesha juu ya kilima. Watu wa Tana hawahitaji kufundishwa hilo. Tena msinywe maji ya kijito bila kuyachemsha, ijapokuwa yanang'aa. Wanyama nao huyatumia.

Msiwahubirie watoto njia nzima. Waulizeni tu: Mnasikia baridi? Kwa nini huku kuna baridi kuliko barabarani? Chukua majani haya ya chini, yabonyeze, yana unyevu? Tazama maji ya kijito, kisha kumbuka maji ya mto wetu. Tofauti ni nini? Mtoto akijibu mwenyewe hasahau.

MKISHARUDI NYUMBANI

Safari isiyo na kazi baada yake ni picnic tu. Tufikirie habari ya Profesa Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Ihithe, Nyeri, katika miteremko ambayo maji yake huja katika Tana. Ameandika kwamba utotoni alichota maji kwenye kijito karibu na mti wa mugumo, na mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Miaka baadaye aliporudi kutoka masomoni Marekani, alikuta mti umekatwa, na kijito kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti pamoja na kina mama wa vijijini, vikundi kama hivi vyetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mbona tuzo ya amani kwa kupanda miti? Sisi wa Tana tunaweza kujibu. Mwaka 2012 wakulima na wafugaji wa huku walipigana, watu wengi wakauawa, na maji na malisho yalikuwa miongoni mwa chanzo cha ugomvi. Kwa hiyo tunashauri: safari yenu isiwe ya Wapokomo peke yao. Waalikeni jirani Waorma na Wawardei, waje na watoto wao. Watoto waliovuka kijito wameshikana mikono wataweza kuzungumza siku mto utakapopungua.

Tusidanganyane kwamba msitu huzuia kila gharika. Mvua kama zile za El Niño za mwaka 1997 zikija, mto utafurika. Mabwawa nayo yana sehemu yake katika kupanda na kushuka kwa maji. Lakini ziko kazi ambazo hazimngoji mtu mwingine. Acheni ukanda wa miti na matete kando ya mto bila kulima mpaka ukingoni. Pandeni miti ya kwetu kwenye kingo zinazobomoka. Tena ombeni nafasi katika vyama vya watumia maji vinavyotambuliwa na sheria ya maji ya 2016, ili sauti ya watu wa chini isikike kwa watu wa juu. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa milimani kutengeneza matuta na kupanda miti ili maji ya mto yasichafuke. Ikiwa watumiaji wa mjini wanaweza kuzungumza na wakulima wa mlimani, na sisi wa delta tunaweza.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni visima au vidimbwi gani vilivyokuwa na maji zamani na leo vimekauka? Wazee waeleze nini kilibadilika.
2. Ukingo wa mto umebomoka wapi zaidi? Pale palikuwa na miti gani?
3. Tukitaka kwenda Shimba wakati wa likizo ya Agosti, kila jamaa ichange kiasi gani kwa mwezi?
4. Tutawaalika jirani gani, na nani ataenda kuzungumza nao?
5. Tutawaomba watu wa mto wa juu jambo gani, na sisi tutafanya nini kwanza kabla ya kuwaomba?

Kikundi kitakachofanya jaribio la mitungi, hata kabla ya kupata nauli, kituandikie kilichoona. Tunawatakia kazi njema.