Mwache Kijana Wako Akae Kimya

*Mama, nina miaka 16, niko sekondari hapa Kolwezi, komini ya Manika. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini sauti haitoki. Nimeandika riwaya ya kijana kama mimi, kaye (madaftari) tatu zimejaa. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa anayechimba kobalti, aliziona, akawasomea rafiki zake kwa sauti, wakacheka mpaka machozi. Sasa nataka kuzichoma. Kabla ya hapo nakutumia kurasa chache.*

Mwanangu,

Usizichome. Kurasa zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Ulipoandika vizuri kuliko kote ni pale ubaoni. Kijana ameitwa mbele, jibu analijua, macho yake yapo kwenye nyufa za sakafu, anasikia lori la madini likipita nje na anaomba lije jingine ili kelele imfiche. Aliyezoea kusema kila wakati asingelisikia lori hilo. Wewe umelisikia, na riwaya ya ujana inashonwa kwa mambo madogo ya namna hiyo, anayoyaona mtu aliyekaa pembeni.

Uliponivunja moyo ni mwishoni. Ghafla kijana yule anahutubia shule nzima na watu wanasimama kumpigia makofi. Sikumwamini. Nahisi ulimwonea aibu kabla yaya wako hajamcheka. Mpe ushindi wa kimo chake: sentensi moja, kwa mtu mmoja, siku ambayo kuisema ni kazi nzito.

Mtafute Camara Laye, kitabu chake *L'Enfant noir* cha mwaka 1953.  Alikiandika akiwa kijana mpweke Ufaransa, akikumbuka kwao Kouroussa, Guinea, na karakana ya baba yake mfua dhahabu. Humo wanafunzi wakubwa wanawatesa wadogo, na wadogo wananyamaza siku nyingi, wakiogopa. Mateso yanaanza kupata dawa pale mtoto mmoja anapomwambia baba yake. Hakuna hotuba. Ni mtoto na mzazi wake, basi, na bado msomaji anapumua kwa nguvu.

Karibu zaidi na kwenu yupo V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, kwenye barabara ile ile inayopita Fungurume. Mwaka 1989 alitoa riwaya fupi iitwayo *Shaba deux*. Imeandikwa kama daftari la siri la mtawa Mwafrika, hapo hapo Kolwezi, wakati wa vita vya 1978 ambavyo wazee wa mtaa wenu wanavikumbuka vizuri. Mji unatetemeka kwa bunduki, naye mama yule mpole anaandika siku yake, sala zake, hofu yake. Mwandishi mkubwa angeweza kumpa askari au waziri asimulie vita hivyo. Alimpa mtu wa kimya mwenye kaye. Nawe unataka kuchoma tatu!

Kuhusu yaya wako: alikosea. Daftari la mtu halisomwi bila ruhusa, tena mbele ya watu, na ni haki yako kumwambia. Ila usimhukumu upesi. Katika kurasa hizi kuna kaka anayerudi jioni na vumbi kichwani, anakula bila kusema neno. Pengine alijiona humo, mbele ya rafiki zake, akakosa mahali pa kujificha isipokuwa kwenye kicheko. Kama mdomo unakataa, mwandikie barua. Mimi umeniandikia bila kunijua, naye mmelelewa nyumba moja.

Kuna jambo la darasani pia, nalo silichukulii kirahisi, maana haya ikiachwa peke yake inaweza kukunyima alama ulizozistahili. Mfuate mwalimu mmoja unayemwamini, wengine wakishatoka. Mweleze kwamba jibu unalo ila sauti inakwama. Mwombe akudokeze leo swali atakalokuuliza kesho. Usiku lijibu kwa sauti ukiwa peke yako, kisha mbele ya mama au mdogo wako. Ukishindwa mara ya kwanza, mwombe tena wiki inayofuata.

Halafu rudi kwenye kaye ya tatu. Futa makofi yale, andika mwisho mwingine, unitumie. Nataka kujua kijana huyo atamwambia nani ile sentensi yake.