Mahadhi ya Wimbo Wetu wa Mahafali

Kila mwaka Kidato cha Nne huimba wimbo wake siku ya mahafali, mbele ya walimu na wazazi. Mwaka huu pana ubishi. Wenzetu wengi wataka tuchukue mahadhi ya wimbo mmoja upigwao sana redioni, tuyavike maneno yetu, kazi iishe kwa siku moja. Mimi ni katika wale watakao mahadhi yatungwe papa hapa bwenini. Kwa kuwa kura itapigwa muhula ujao, naomba nieleze sababu zangu.

Kwanza yafaa tukumbuke tuliyofundishwa darasani. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: ke-NGE-le, ma-da-WA-ti. Maneno machache hayafuati kanuni hii, na lijulikanalo zaidi ni barabara. Ukisema ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukisema ba-RA-ba-ra, maana yake ni sawasawa. Mwaka juzi bweni moja liliimba kwamba masomo yamekwenda barabara. Mahadhi yao yakapanda juu kabisa penye BA. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walicheka sana, na mmoja akauliza kama masomo hayo yalikwenda kwa basi.

Sasa tazama mstari huu tulioutunga kwa ajili ya kuaga:

Kengele imeshalia, twayaacha madawati.

Hesabu mizani: nane upande huu, nane upande ule. Ukifika katikati, pumzi yenyewe yakuomba utue. Washairi wa zamani hawakuweka mizani ili kututesa katika mtihani. Mashairi yao yalikuwa ya kuimbwa, na mwimbaji hana budi kupumua. Lakini tulipoutia mstari huo katika mahadhi ya redioni, sauti ndefu iliangukia KE na MA. Tukawa twaimba KEEE-ngele, MAAA-dawati, kama watu waliojifunza Kiswahili jana. Wimbo wa redioni wenyewe hauna kosa lo lote. Mahadhi yake yalikatwa kwa kipimo cha maneno mengine, kama shati la mtu mwingine.

Njia ninayoipendelea haihitaji gitaa wala kinanda. Usianze kwa kuimba. Sema mstari wako mara kumi, kama unavyomwambia rafiki yako njiani, usikilize sauti yako yapanda wapi na yakaa wapi. Pale inapokaa, vuta. Pale inapopita mbio, pita nawe mbio. Ukishapata umbo, liandike kwa do re mi katika daftari kabla ya kulala, kwani asubuhi utakuta limetoroka.

Mwenzangu mmoja, ambaye kwa kubishana hana mfano, aliniuliza: "Mbona wimbo wetu wa taifa ni mahadhi ya kuazima?" Ni kweli. Mahadhi yake aliyatunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwenye kwaya yake, naye aliandika nyimbo zake kwa do re mi kama sisi. Lakini aliyatunga kwa maneno ya Kixhosa, na Kixhosa ni ndugu wa Kiswahili: nacho huvuta silabi ya pili kutoka mwisho. Nadhani hiyo ni sababu moja iliyofanya maneno yetu yakae humo bila ugomvi. Basi kuazima si haramu, ila uazime kwa mtu wa kimo chako.

Jirani zetu wa Kenya nao, walipojiandaa kwa uhuru mwaka 1963, walichukua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Jambo hili lanifurahisha mno. Mama mwenye mtoto mapajani hatungi wimbo wa kupigia kelele, na wimbo asioweza kuuimba mtu aliyechoka hautamfaa.

Nalo ndilo shauri langu la mwisho. Wengi wetu sauti zimevunjika, wengine bado. Mahadhi yasizidi kutoka do ya chini hadi do ya juu, na mwanzishaji asianze juu kwa tamaa ya kusikika na wageni walio nyuma. Tukianza juu, ubeti wa tatu utaimbwa na watu sita tu, na wazazi watadhani waliobaki wamesahau maneno.

Mpaka sasa tuna beti mbili na kiitikio, na ubeti wa tatu haujapatikana. Twakutana nyuma ya bwalo kila Jumamosi baada ya kufua. Atakayekuja, awe wa upande wetu au wa upande wa redio, aje na mstari mmoja wa mizani kumi na sita, tuuseme pamoja kabla hatujauimba.