Jino bovu, moyo na mshipa wa kichwani

Kijana akianguka ghafla huku akilalamika kichwa, watu husema presha, na wengine husema amerogwa. Presha huwapata hata vijana, ni kweli. Lakini kama kijana huyo amekuwa na homa za vipindi kwa mwezi mzima, yafaa kuuliza habari za moyo wake.

Jambo hili huanza mbali na kichwa. Mtoto hupata mafindofindo yanayoletwa na bakteria wa streptokoka, asitibiwe sawasawa. Baada ya wiki mbili au tatu, baadhi yao hupata homa ya baridi yabisi. Magoti huvimba kisha hupona, lakini milango ya moyo, yaani vali, huweza kubaki na makovu.

Miaka hupita. Jino likioza au fizi zikiwa mbovu, bakteria wa kinywani huingia kwenye damu. Moyo wenye afya kwa kawaida huwapitisha tu, ila vali yenye kovu huwapa pa kunata. Hapo hujengeka vinundu laini vya damu iliyoganda na vijidudu, na ugonjwa huo huitwa endokaditisi. Kinundu kikimeguka kikaelekea juu, hukwama kwenye matawi madogo ya ateri za ubongo, ambazo kuta zake ni nyembamba. Bakteria huula ukuta, nao msukumo wa damu huutunisha kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa sehemu moja. Ukipasuka, damu humwagika kwenye ubongo. Daktari William Osler aliupa uvimbe huu jina la kuvu mwaka 1885, na jina limebaki ingawa wasababishi wakubwa ni bakteria. Si kila mwenye endokaditisi huupata, ni wachache, lakini ukipasuka huua wengi.

Hapa kwetu Kirumba tatizo ni dukani. Mtu ana homa, ananunua dawa ya malaria bila kupima. Isipokwisha, ananunua vidonge vinne vya antibiotiki. Homa inashuka, wiki ijayo inarudi. Nusu dozi ile haiui ugonjwa, inauficha tu, hata damu ikioteshwa maabara huenda kisionekane kitu. Basi homa ikizidi wiki, malaria haipo, na mtu anakonda au anachoka akipanda mlima, omba rufaa. Bugando si mbali. Damu ioteshwe kabla ya antibiotiki, na moyo upimwe kwa eko. Tiba ni sindano za mshipani kwa wiki 4 hadi 6, na uvimbe wa ateri wakati mwingine huhitaji upasuaji. Wapo wanaotoroka wodini siku ya tano kwa kuwa homa imeshuka. Hao ndio tunaowahofia.

Mtume (s.a.w.) alihimiza mswaki kwenye kila swala. Wafungao wengine huacha kinywa mwezi mzima, wakati hata Mashafii wanaoona ni makruhu baada ya adhuhuri hawakatazi kabla yake wala baada ya futari.

Aliyekwisha ambiwa ana ugonjwa wa vali asikose sindano yake ya penisilini kila wiki 3 au 4 kama alivyoandikiwa, na amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Akipatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au mkono ukilegea, apelekwe hospitali saa ile ile, isingojwe asubuhi.