Sisimizi Darasani: Njia ya Kufundisha Somo la Wadudu wa Nyumbani

Somo la usafi wa nyumba mara nyingi hufundishwa kwa kuandika ubaoni orodha ya wadudu, na mbele ya kila mdudu jina la dawa yake. Twaona kwamba njia hiyo ina upungufu na ina hatari, kwani mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa dawa ya kila mdudu ni sumu. Katika makala haya twapendekeza njia nyingine, na mfano wetu ni sisimizi.

Kwanza, mwalimu atenganishe majina. Sisimizi si mchwa, ambao hula mbao. Wala si siafu, ambao hupita kwa msafara na kwenda zao. Anayechanganya majina hukosea pia katika tiba.

Pili, lifanyike jaribio. Chembe za sukari ziwekwe karibu na sisimizi, na wanafunzi wangoje mpaka msafara ujipange. Kisha sehemu ya njia ipanguswe kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya sabuni. Sisimizi watababaika. Mwalimu asiharakishe kueleza, bali aulize: "Wamepoteza nini?" Kwa maswali, wanafunzi watafikia jibu: anayepata chakula huacha harufu njiani, na wenziwe huifuata.

Tatu, waelezwe kwamba wanaoonekana ni wafanyakazi tu. Malkia yumo kichuguuni akitaga mayai. Basi kuwapulizia dawa walio ukutani hakumalizi kazi.

Kutokana na hayo, wanafunzi wenyewe wataweza kupanga hatua zifuatazo:

(a) Kufunika chakula na kufagia makombo.
(b) Kupangusa njia kwa maji ya sabuni.
(c) Kuziba nyufa wanamopitia.
(d) Kusimamisha miguu ya kabati la chakula katika mikebe ya maji, yabadilishwe kila wiki yasije yakazalisha mbu.

Hatua hizo zikishindwa, mtu mzima aweza kutumia chambo cha maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo sana, kama sehemu 1 katika 100. Ikizidi, mfanyakazi hufa kabla ya kuifikisha kwa malkia. Chambo hicho ni sumu kwa watu pia, hivyo kiwekwe mbali na watoto na mifugo.

Hapa mwalimu hana budi kusisitiza mambo mawili. Dawa ya wadudu isitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu hatambui tofauti. Na chaki ya kuulia wadudu, inayofanana kabisa na chaki ya ubaoni, isiingizwe shuleni wala kuachwa mahali mtoto anapoweza kuiokota.

Ili kupima somo, kila mwanafunzi achunguze nyumbani kwao kwa wiki moja na kuandika sisimizi walitoka wapi, walifuata nini, na kipi kiliwazuia. Daftari hilo litamwonyesha mwalimu kilichoeleweka kuliko orodha iliyokaririwa.