Maji Yale Yale, Umeme Zaidi

Mtu wa Galula auonaye Mto Songwe ukishuka kwenda Ziwa Rukwa ajua ya kuwa maji yana nguvu. Pengine hajui ya kuwa mvua ya milima ya Mbeya hugawanyika: nyingine humjia yeye, nyingine hushuka upande wa pili, hupita Usangu na kuingia Mto Ruaha Mkuu, ambako huzungusha mitambo ya umeme.

Wengi hudhani kuwa hapana njia ya kupata umeme zaidi ila kujenga bwawa jipya. Sivyo. Nguvu hiyo hutokana na mambo mawili: wingi wa maji na urefu wa mporomoko. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka mita 100, yaweza kutoa karibu kilowati 900, mtambo ukiwa mzima. Ukichakaa, maji ni yale yale, bali umeme hupungua.

Basi, la kwanza ni kutunza mitambo na kuifanya upya. Huko Pangani Falls palikuwa na kituo cha zamani cha megawati 17.5. Mwaka 1995 mahali pake pakashikwa na kipya cha megawati 68, katika mto ule ule.

La pili, maji yafanye kazi zaidi ya mara moja. Maji ya Ruaha huzungusha mitambo ya Mtera, megawati 80. Hushuka Kidatu, megawati 204. Kisha huingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere. Tone moja, kazi tatu. Kwa hiyo maji yapoteayo bure huko juu ni hasara mara tatu.

La tatu, mto uachiwe sehemu yake. Kituo cha Kihansi, megawati 180, kilipoanza kazi, maji mengi yaliondolewa katika maporomoko, na manyunyu yake yakakoma. Chura mdogo wa bonde lile, asiyepatikana kwingine duniani, mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokoka kwa kuwa wengine walikwisha kupelekwa Marekani mwaka 2000. Wazao wao walirudishwa bondeni mwaka 2012, ambako manyunyu sasa hutolewa kwa mabomba. Kurudisha kilichoharibiwa ni kazi kubwa kuliko kukilinda.

Nasi wenye mashamba tuna sehemu yetu. Udongo ung'olewao na mvua katika mlima uliokatwa miti huishia bwawani, na bwawa lililojaa tope halina nafasi ya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli ziwezazo kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baba na mama wawaonyeshe watoto mpaka huo, jembe lisiuvuke. Na mfereji wa shamba ufungwe mimea ikishakunywa. Yule akaaye chini ya mto hatujui jina lake, lakini taa yake na maji yake yamo mikononi mwetu.